Ramadhani ya kwanza ndani ya ndoa: janaba alfajiri, sala ya watu wawili, na deni la mwaka jana

MkeMpya

Assalaam alaykum warahmatullah. Tumeoana mwezi wa Rajabu, na leo ni mwezi 19 Shaabani. Kufunga tunakujua tangu utotoni, ila kufunga ukiwa na mwenzio chumbani hakukuwemo kwenye masomo ya madrasa. Sisi ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, naomba wenye elimu mnisaidie.

Adhana ya alfajiri ikitukuta na janaba, yaani hatujakoga baada ya kukutana, saumu ipo? Nikikoga baada ya adhana maji yakaingia sikioni je? Tukisali jamaa sisi wawili nasimama wapi, maana chumba ni kidogo na kitanda kimekula nafasi? Halafu nina deni la saumu za mwaka jana, sina hakika ni siku tano au saba, na nasikia siwezi kulipa bila ruhusa ya mume. La mwisho ni zakatul-fitri: baba ndiye aliyekuwa akinitolea, mwaka huu anatoa nani?

MwanafunziWaFiqhi

Waalaykum salaam dada. Janaba inazuia sala, haizuii saumu. Mama Aisha na Mama Umm Salama, Mungu awe radhi nao, wamepokea kwamba alfajiri ilikuwa ikimkuta Mtume (s.a.w.) ana janaba kutokana na wakeze, kisha anakoga na kufunga. Hadithi imo kwa Bukhari na Muslim. Kwa hiyo adhana ikilia hamjakoga, saumu yenu ni sahihi mradi nia mliitia usiku. Mnachokimbizana nacho ni jua: mkoge na msali kabla halijachomoza. Hedhi ni vivyo hivyo, ikikatika kabla ya alfajiri unatia nia, kukoga kunaweza kuja baada ya adhana.

Hatari iko kwenye tendo lenyewe. Alfajiri ikiingia nanyi mmo, mwachane hapo hapo na saumu inasimama. Mkiendelea, siku imeharibika na kafara, yaani malipo ya kosa hilo, imemwangukia mume. Mchana ndio usiseme: mnajizuia hadi magharibi kama wafungaji, mnalipa siku hiyo wote wawili, na mume ana kafara kwa mpangilio, hachagui. Kwanza kumwacha huru mtumwa, jambo ambalo leo halipo. Kisha kufunga miezi miwili mfululizo, na akiacha siku ya 59 anarudi kuanza moja. Asipoweza kweli, kama kwa maradhi, analisha maskini 60, kila mmoja kibaba. Kwetu Mashafii kafara ni ya mume peke yake, wako wanazuoni wa madhehebu mengine wanaomtwika na mke aliyeridhia. Busu nalo, kwa anayejijua kwamba linamwamsha, aliache. Manii yakitoka kwa kugusana, siku imeharibika, inalipwa, ila kafara haipo.

Sasa maji. Kwetu tundu la sikio linahesabiwa njia ya kwenda ndani, maji yakipita humo yanafunguza. Lakini yakikuponyoka katika koga la faradhi, unamimina kawaida bila kuzidisha, umesamehewa. Ukizamisha kichwa kwenye beseni, au ukioga kujipoza joto tu yakaingia, husamehewi. Njia ya salama ni kuchota maji kidogo kiganjani, uinamishe sikio juu ya kiganja, maji yaguse mikunjo bila kudondokea tunduni. Ipo na njia nyepesi zaidi ambayo wengi hawaijui: katika koga la janaba kufululiza si sharti. Tia nia, koga kichwa na masikio kabla ya adhana, mwili umalizie baadaye. Kusukutua na kupandisha maji puani ni sunna tu, mfungaji asizidishe.

Maamuma

Mimi nijibu la chumba. Mke husimama nyuma ya mume, sio kuliani kwake. Kuliani ni pa maamuma, yaani anayesalishwa, akiwa mwanamume peke yake. Mswala wa kawaida una urefu wa mita 1 na kidogo, kwa hiyo miwili ikipangwa mmoja nyuma ya mwingine kuelekea kibla inataka kama mita 2 na nusu. Pimeni upande wa kibla kabla ya Ramadhani, maana kitanda kikigeuzwa mara moja mmemaliza.

Pakikataa kabisa, simama ubavuni kwake lakini urudi nyuma, ncha za vidole vyako ziwe usawa wa visigino vyake. Kinachobatilisha ni visigino vyako kutangulia vyake. Mkilingana ni makuruhu, yaani haipendezi, ila sala inapita.

Watu wanakosea kwenye umbali. Kwa Mashafii ngozi ya mume ikigusana na ya mke, udhu wa wote wawili umekwenda, hata bila kukusudia. Sasa fikiria umebana nyuma yake, unashuka sijida, paji la uso linagusa kisigino chake kitupu: udhu hakuna, sala hakuna, yako na yake. Soksi zinaondoa tatizo hilo, chochote kinachozuia ngozi kinatosha. Nywele, kucha na jino havihesabiki. Vivyo hivyo kabla ya sala: kupeana taulo, kupokezana msahafu, kupapasana gizani mkitafuta taa. Aliyekwisha tawadha aweke kitu chini, mwenzake akiokote.

Imamu akisahau, wewe hutamki. Unapiga kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Yeye asome kwa sauti alfajiri na rakaa mbili za mwanzo za magharibi na isha. Tarawehe mtoe salamu kila rakaa mbili, ukiunganisha nne kwa salamu moja kwetu haisihi. Hajahifadhi sura nyingi? Ashike msahafu asome, inaruhusiwa, ila auweke kwenye kimeza kando badala ya kuufungua na kuufunga kila rakaa.

MamaHesabu

Deni la dada mimi naliona ndilo la haraka kuliko yote hapa. Leo mwezi 19, mbele yako kuna siku kumi, au kumi na moja mwezi ukitimia 30. Ukiwa na shaka tano au saba, shika saba, kwa sababu dhima haitoki ila kwa yakini. Kama hukuandika, rudi kwenye kawaida yako: hedhi yako hukaa siku ngapi, na mwaka jana iliingia Ramadhani mara moja au mbili?

Katazo la kufunga baada ya nusu ya Shaabani halikuhusu. Ni kwa sunna isiyo na sababu, kadha, yaani saumu ya kulipa deni, inafungwa hadi siku ya mwisho. Ruhusa ya mume nayo asili yake ni saumu ya sunna akiwepo nyumbani. Kadha yenye muda mpana anaweza kukuomba usogeze, lakini siku zilizobaki zikilingana na deni hana kauli tena. Kwako, saba ndani ya kumi, ukitoa na siku za hedhi kama inaangukia humo, muda umeshabana. Mwambie leo usiku ili mpange, sio asubuhi akukute umefunga.

Ukichelewesha bila udhuru mpaka Ramadhani mpya ikaingia, kila siku inabaki kulipwa na juu yake fidia ya kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mahali mlipo, na kwetu fidia inarudiwa kwa kila mwaka unaopita. Aliyecheleweshwa na udhuru wa kuendelea, kama maradhi au kunyonyesha, analipa siku bila fidia ya ucheleweshaji. Deni ni lako, si la mume, akikutolea fidia kwa idhini yako ni wema wake.

Zakatul-fitri inafuata matunzo. Aliyewajibika kukulisha jua linapozama siku ya mwisho ya Ramadhani ndiye anayekutolea, na ukiwa umeshahamia kwa mumeo ni yeye. Kiasi ni pishi moja kila kichwa, yaani vibaba vinne, kwa mizani kama kilo 2.5 hadi 3 kulingana na nafaka yenyewe. Yafaa kutoa tangu mwanzo wa mwezi, na bora itoke kabla ya sala ya Idi. Mwambieni baba mapema, maana katika ndoa mpya kila upande hudhani mwingine ameshatoa. Na mahari, kama ni dhahabu au fedha taslimu, ni mali yako peke yako. Usiichanganye na akiba ya mume katika kuhesabu nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ambacho ni gramu 85 za dhahabu. Mapambo halali unayovaa kwetu hayana zaka. Yaliyowekwa kama akiba yanayo, asilimia 2.5 mwaka wa mwezi mwandamo ukitimia.

MkeMpya

Mungu awalipe. Basi ni saba, na leo usiku namwambia. Nimesahau moja: nywele zimesukwa. Kila janaba nifumue?

MwanafunziWaFiqhi

Hufumui maji yakifika ndani ya msuko na kwenye mashina. Umm Salama aliuliza swali hilo hilo akajibiwa kwamba inatosha kumwagia kichwa mara tatu. Msuko uliokazwa hadi maji hayapenyi, huo ufumue. Jipime hivi: mimina, kandamiza msuko kwa vidole, kisha upapase mstari wa ngozi katikati ya misuko. Ukikuta pakavu, ongeza. Rangi ya kucha iondoe kabla, kwa sababu ina tabaka linalozuia maji. Hina haina tabaka, haizuii. Wala hutaki mapipa: Mtume (s.a.w.) akikoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano.

SaaYaDaku

Nakubaliana na waliotangulia, naongeza saa tu, maana elimu yote hiyo inakwama pale watu wanapoamka zimebaki dakika kumi. Kama kuna kukoga, amkeni dakika 75 kabla ya adhana. Mmoja anaingia bafuni dakika 15, mwingine anaandaa daku, mnabadilishana, dakika 20 za kula, zinazobaki za udhu na kisomo. Daku icheleweshwe lakini isigusane na adhana: Zaid bin Thabit alipoulizwa kulikuwa na muda gani kati ya daku na adhana, alisema kiasi cha kusoma aya 50. Adhana ikikukuta na tonge mdomoni, liteme.

Na nia, kwa Mashafii, ni kila usiku, kati ya magharibi na alfajiri. Imamu Malik, mwenye madhehebu nyingine, ndiye anayetosheka na nia moja ya mwezi mzima. Mahali pake ni moyoni, na aliyekula daku huku akijua anakula kwa ajili ya saumu ya kesho ya Ramadhani ameshatia nia. Anayenaswa ni yule aliyelala baada ya isha akitegemea daku, asiamke. Kwa hiyo tieni nia baada ya tarawehe. Kula, kunywa na kukutana baada ya hapo hakuiharibu.

Mkitaka kukhitimu Kurani ndani ya mwezi, msahafu wa Madina una kurasa 604, juzuu, moja ya sehemu zake 30, ni kama kurasa 20, basi juzuu moja kwa siku ni kurasa nne baada ya kila sala ya faradhi. Siku zako za hedhi mumeo asome wewe ukisikiliza, mbaki ukurasa mmoja.