Toyota IST yangu ni cc 1,496, kadi ya usajili inasema 1,796. Na hii ada ya kupimana cc inapima nini hasa?

Wakuu, naandika nina hasira, maneno yakitoka makali mnivumilie.

Jana kaja mteja kuangalia IST yangu. Kaizunguka, kagonga milango, kaingia, kawasha, kasikiliza injini ikinguruma taratibu, karidhika. Bei tukavutana tukakaribiana. Akaomba kadi. Akaisoma, akanyamaza, akaisoma tena. "Kaka, hii umebadilisha injini?"

Kwenye kadi ujazo wa injini, yaani cc, umeandikwa 1,796. Nikafungua boneti, nikamwonyesha kile kibati cha kiwandani kilichobanwa ukutani nyuma ya injini. Nikafuta vumbi kwa kidole asome mwenyewe: injini 1NZ-FE, 1496cc. Akasoma, akatikisa kichwa. "Kibati sawa kaka, ila trafiki akinisimamisha hasomi kibati, anasoma kadi." Akapanda bodaboda, kwaheri.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Gari niliisajili 2019. Cheti cha Kijapani kilichokuja nayo kimeandika ujazo kwa lita, 1.49. Mtu mmoja kati ya ajenti wangu wa forodha na dirisha la ofisi ya usajili kabonyeza 7 badala ya 4, basi. IST ya toleo langu ilitoka na injini mbili tu, ya 1.3 na ya 1.5. Hiyo ya 1,796 imezaliwa kwenye kibodi ya mtu.

Na kosa lile halikuwa la bure. Kwa viwango vya Tanzania vya 2017, gari la cc 501 hadi 1,500 linalipa ada ya leseni 200,000 linaposajiliwa mara ya kwanza. Kuanzia 1,501 hadi 2,500 ni 250,000. Kuanzia 2,501 kwenda juu, 300,000. Kidole cha mtu kiliteleza, mimi nikatozwa 50,000 zaidi. Nililipa bila kusoma, hilo nakubali ni uzembe wangu, lakini gari lilikuwa bandarini linahesabiwa gharama za kulala kila siku. Ukipewa kontro namba siku ile unalipa kwanza, unasoma baadaye.

Nimeenda ofisi ya usajili kurekebisha. Mara ya kwanza: ikakaguliwe na trafiki, lete fomu. Mara ya pili: fomu tumeiona, lete barua ya ajenti. Ajenti kashahama ofisi, namba yake haipatikani. Mara ya tatu dada wa dirishani kaniambia mfumo haumruhusu kubadilisha. Nikauliza, na ile elfu hamsini yangu? Akacheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtu aliyesikia kichekesho kizuri.

Haya, hilo la kadi ni langu. Lakini tangu jana sijalala nikiwaza hii cc yenyewe, na hapa ndipo ninapotaka tugombane.

Cc inapima nini? Mkiniambia inapima utajiri, nitawauliza: BMW X1 yenye injini ya silinda tatu ya turbo ina cc 1,499. Iko kundi moja na IST yangu, 200,000. Mzee wa watu aliyeleta Toyota Spacio ya injini ya 1ZZ, cc 1,794, abebe wajukuu na magunia ya mkaa, yuko kundi la juu yao, 250,000. Yaani mwenye Spacio kamzidi hela mwenye BMW. Hongera mzee.

Panda juu sasa. Hiace ya injini ya 3L, hizi zilizochoka zinazobeba abiria mpaka mlango unafungwa kwa kamba, ina cc 2,779. Land Cruiser V8 ya dizeli ni 4,461. Lori la Fuso la injini ya 6D17 ni cc 8,201. Wote watatu, 300,000. Ngazi imeishia 2,501, huko juu ni tambarare, kila mtu anajinyoosha. Tofauti kati yangu na mwenye V8 ni laki moja, ambayo haimnunulii hata tairi moja.

Mkisema inapima uharibifu wa barabara, ndiyo kabisa. Barabara inavunjwa na uzito unaokaa kwenye ekseli. Serikali inalijua hilo vizuri, ndiyo maana pale Vigwaza, mkoa wa Pwani, kuna mizani, na hakuna anayefungua boneti ya lori kuuliza cc. Lori linapimwa tani. Ukiizidishia mizigo Fuso, lami inabonyea. Ukiizidishia IST, zinabonyea springi zako.

Halafu kuna hili ambalo watu walilipigia makofi. Juni 2017 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, alisimama Bungeni akafuta ada ya leseni ya kila mwaka, na malimbikizo yakasamehewa. Kweli ilikuwa nafuu, nani asiyekumbuka kusimamishwa barabarani na kudaiwa miaka mitatu ya gari lililokuwa juu ya mawe gereji? Lakini ada haikufa, ilihamishiwa kwenye mafuta. Ushuru wa bidhaa ukapanda shilingi 40 kwa lita: petroli kutoka 339 hadi 379, dizeli 215 hadi 255. Na mafuta ya taa pia, 425 hadi 465. Bibi anayewasha kibatari kijijini, ambaye gari alipanda mara ya mwisho akienda kliniki, naye analipia leseni ya magari. Hoja ikawa kwamba mafuta ya taa yakiwa rahisi, wachakachuaji watayachanganya kwenye dizeli. Kwa hiyo bibi anaadhibiwa kwa dhambi za mwenye kituo.

Mimi naendesha teksi mtandao. Nachoma lita 15 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Piga hesabu ya hiyo 40 peke yake: 600 kwa siku, 15,600 kwa mwezi, 187,200 kwa mwaka. Ada ya mwaka ya gari la cc zangu iliyofutwa ilikuwa 150,000. "Nimefutiwa" ada, nalipa 37,200 zaidi. Mwenye V8 anayetoka nayo Jumapili kwenda kanisani amefutiwa kweli.

Na bado sikatai ushuru wa mafuta. Una mantiki yake, anayetembea sana analipa sana, na injini kubwa inakunywa sana. Ndiyo hoja yangu hiyo! Mafuta tayari yanatoza cc, kila siku, pampuni, bila fomu wala dirisha wala kidole cha kuteleza. Sasa lile geti la cc wakati wa kusajili limebaki la nini? Ushuru wa bidhaa unaotozwa gari likiingia nchini nao unaangalia cc: hadi 1,000 hakuna, hadi 2,000 asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Kwa hiyo cc ile ile inaulizwa bandarini, inaulizwa kwenye usajili, inaulizwa tena pampuni.

Kuna watakaosema tutoze kwa thamani ya gari. Majirani zetu Kenya walilijaribu kwenye muswada wa fedha wa 2024, asilimia 2.5 ya thamani kila mwaka, wakaweka kikomo cha shilingi zao 100,000. Maana yake gari la milioni 4 na la milioni 20 yanalipa sawa. Wananchi wakalipigia kelele, likaondolewa. Hata kwa thamani, wakubwa wanajua pa kuweka dari.

Magari ya umeme ndiyo hayo yanaingia, hayana cc hata moja. Sijui yule dada wa dirishani atabonyeza namba gani.

Mteja wangu kapiga simu mchana, anasema gari bado anaitaka, ananipa mpaka Jumamosi kadi iwe imenyooka. Aliyewahi kurekebishiwa cc kwenye kadi aje aniambie alianzia dirisha gani na ilimchukua siku ngapi. Ila tafadhali, asinitumie namba ya "mtu wake wa ndani". Nimeshapewa nne tangu jana, na wote wanaanza na elfu hamsini.