Mfadhili anayegharamia ngoma ana haki ya kupanga ichezwe vipi?

Mwanakikundi, Chamwino:
Habari za kazi, ndugu zangu. Kikundi chetu cha ngoma za Kigogo kimepata mfadhili aliye tayari kutununulia ngoma na sare, mradi kila onyesho liwe na wimbo wa usafi wa mazingira na lisizidi dakika kumi. Akina mama wanaopiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wanalalamika kwamba dakika kumi zitakwisha kabla ngoma haijakolea. Tukubali?

Mdau wa muziki, Kongwa:
Ndugu, ufadhili wenye masharti si jambo geni. Bendi ya NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA, na kila chama hicho kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili: ikawa Juwata, kisha OTTU, hadi iliposimama yenyewe kama Msondo Ngoma. Wanamuziki wake waliisifu siasa ya mwajiri, lakini nyimbo za mapenzi na maisha, ambazo watu wanazikumbuka zaidi, zilitoka kwenye bendi hiyohiyo. Hata Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo mzaliwa wa mkoa wetu, aliitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere, na baadaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kwa hiyo wimbo wa usafi haunisumbui, maana Wagogo hawajawahi kushindwa kutia maneno mapya katika wimbo wa zamani. Kinachonisumbua ni hizo dakika kumi, kwa kuwa anayekata muda wa muheme anakata kupokezana kwa sauti na mchezo wa mabega, akabakiza sare tu za kupigwa picha na mgeni rasmi.

Mwalimu wa sanaa, Dodoma Mjini:
Naungana na mdau wa Kongwa, ila naongeza la mali. Tamasha la muziki la Sauti za Busara kule Zanzibar, pamoja na ukubwa wake wote, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Sembuse kikundi cha kijijini. Mkataba useme wazi kwamba ngoma ni za kikundi hata mfadhili akiondoka. Dakika kumi zikubalini kwenye hafla zake pekee, si kwenye sherehe za mavuno. Wala msiwadharau wanaowatunza noti uwanjani, kwani nao ni wafadhili, na hao huongeza fedha kadiri ngoma inavyorefuka.

Mwanakikundi, Chamwino:
Ahsanteni. Kipengele cha umiliki hakimo kabisa kwenye rasimu tuliyopewa, kwa hiyo hatutasaini hadi kiandikwe.