Dupont Ligne 2, Dunhill Rollagas au Zippo ya zamani? Nisaidieni kabla sijalipa

Kijana_wa_Jioni
Wakuu, habari za saa hizi. Nina kihela nimekiweka pembeni muda mrefu, sasa nataka kiberiti cha zamani cha heshima, siyo hivi vya plastiki vya kutupa. Nimechuja vikabaki vitatu: S.T. Dupont Ligne 2, Dunhill Rollagas na Zippo ya miaka ya 60. Mwenye Dupont anasema ni orijino kabisa na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Kipi nichukue? Nawasilisha.

Mtoza_Vumbi
Mkuu, hujawasilisha kitu. Picha ya kitako iko wapi? Kina namba? Kinatunza gesi au kinawaka siku ya kuuzwa tu? Ni cha laka, cha fedha au kimechovywa dhahabu? Utakitumia au kitakaa kabatini? Halafu huyo anayekuharakisha mpaka Ijumaa, Jumamosi anasafiri kwenda wapi?

Bibi_Laka
Chukua Dupont mwanangu, usisumbuke. Kampuni hiyo ya Ufaransa ilianza 1872 na masanduku ya safari, viberiti vikaja 1941 kwa agizo la Maharaja (mfalme) wa Patiala huko India, cha gesi kikafuata 1952. Mwili wake unachongwa kwenye kipande kimoja cha shaba ya njano, ndiyo maana ukikiweka kiganjani unahisi umeshika kitu. Na ile laka ya Kichina ni utomvu wa mti, inapakwa tabaka juu ya tabaka. Ukifungua kifuniko kinalia *kliing*, hata aliye chumba cha pili anajua umefungua nini.

Utambi
Mlio, mlio, mlio. Mtu ananunua kiberiti au kengele? Zippo inawaka kwenye upepo, ikiharibika kiwanda kinaitengeneza bure hata kama uliirithi, na mwaka wake unausoma mwenyewe kitakoni bila kumpigia mtu magoti. Kuanzia 1966 waligonga vijistari vinne kushoto na vinne kulia, kila mwaka wakapunguza kimoja. Ukikuta vitatu na vitatu, hesabu: ni 1968. Ligne 2 utaisomaje mwaka wake?

Bibi_Laka
Zippo si anasa, ni kifaa cha kazi. Sikidharau, lakini tusichanganye.

Utambi
Bibi, anasa ni kitu kinachofanya kazi baada ya miaka sitini.

Fundi_wa_Pembeni
Kabla hamjashikana mashati. Mimi hutengeneza saa, ila viberiti huniangukia mezani kila mwezi. Kuhusu mlio: feki za siku hizi nazo zinalia, na orijino nyingine hazilii, hasa bawaba ikishalegea au ukikishika kwa kiganja kizima. Mlio peke yake si ushahidi. Mimi naanza na sumaku. Shaba haivutwi, kwa hiyo mwili ukinasa sumaku rudisha hapohapo. Ukipita hapo ndiyo kwanza umeanza, maana na feki ya shaba ipo. Kisha lenzi. Maandishi ya kitakoni kwenye orijino yamekatwa safi, kingo zake kali, herufi zimekaa kwenye mstari mmoja. Feki nyingi herufi zina kina kidogo na pembe za mviringo, kama zimeandikwa kwa sabuni. Halafu chukua ile namba uitafute mtandaoni. Ukiikuta kwenye viberiti vingine vitano vinavyouzwa, kazi imeisha.

Mtoza_Vumbi
Hapo kwenye namba nasisitiza. Mwigaji ananakili namba moja na kuigonga elfu.

Kijana_wa_Jioni
Asanteni wakuu. Nilisahau kusema, muuzaji ni rafiki wa shemeji. Picha ninayo moja tu, kiberiti kiko mkononi mwake.

Mtoza_Vumbi
Rafiki wa shemeji. Haya.

Nanga_Kavu
Kwa kuwa umetaja Rollagas, ngoja nikusimulie yangu usome ukiwa umekaa.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua moja kwa muuzaji wa mtandaoni. Imechovywa dhahabu, nakshi ya punje za shayiri mwili mzima, kitako kimeandikwa Dunhill, Swiss made, na ile namba ya hataza (haki ya uvumbuzi) US.RE24163. Tangazo lilisema "inawaka". Ikafika, nikajaza gesi, nikazungusha kile kigurudumu cha ubavuni kwa dole gumba, ikawaka mara ya kwanza. Nilifurahi kama mtoto. Nikailaza mezani imejaa. Asubuhi haina kitu, na droo nzima inanuka.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja (sikutaji, labda umo humu), akasema ni raba za vali zimekauka. Kweli, hizo raba zinakauka, kila Rollagas ya zamani hupitia hapo. Lakini yeye akaweka raba za kawaida alizokuwa nazo dukani, siyo za kustahimili gesi. Wiki mbili zikavimba. Siku ya kuiwasha moto haukutoka juu tu, ulitembea na ubavu mpaka kwenye kucha yangu. Kovu ninalo.

Uchungu wenyewe ulikuja baadaye. Fundi wa pili aliweka lenzi akaniita niangalie. Karibu na pembe ya chini, mistari ya nakshi ilikuwa inafifia polepole kama mchanga uliofagiliwa, kisha inarudi. Pale palikuwa na herufi za jina la mwenyewe wa kwanza, zikasagwa, pakachovywa dhahabu upya. Na mkono wa kifuniko ulikuwa na rangi ya njano iliyoiva kidogo kuliko mwili. Vilikuwa viberiti viwili vimeozeshwa! Kila kipande orijino, kitu chenyewe si orijino. Hapo unamshtaki nani?

Bibi_Laka
Pole sana baba. Kucha imepona?

Nanga_Kavu
Imeota upya, mama. Imani ndiyo bado.

Fundi_wa_Pembeni
Si mimi, niwatoe wasiwasi. Ila Nanga amegusa jambo: ukinunua Rollagas hesabia na seti ya raba mpya tangu mwanzo, usisubiri ivuje. Na usiruhusu mtu akung'arishie kwa dawa ya shaba. Dhahabu ya kuchovya ni nyembamba, ukisugua mara tatu pembeni unaanza kuona shaba inachungulia.

Saa_Sita
Mimi sikubaliani. Kitu kichafu ni kichafu. Nilisafisha changu kikarudi kama kipya.

Fundi_wa_Pembeni
Na thamani yake ikarudi kama ya wapi? Wakusanyaji wa vitu vya kale wanalipia ngozi ya zamani, yaani ule weusi wa miaka mingi juu ya chombo, mkuu. Futa kwa kitambaa laini, basi.

Saa_Sita
Ngozi ya zamani ni jina la heshima la uchafu.

Utambi
😂😂 Huyu nimempenda.

Mtoza_Vumbi
Turudi kwenye hoja. Kijana, wakikuambia ni fedha halisi, usitazame rangi, tafuta mihuri. Cha Uingereza kina simba anayetembea. Cha Ufaransa, fedha ina kichwa cha Minerva, yule mungu wa kike wa Warumi, na dhahabu ina kichwa cha tai. Viko vidogo kama punje ya mtama, utahitaji lenzi. Kwenye Dupont ukiona PLAQUÉ OR maana yake imechovywa, hata muuzaji aape kwa nani. Kuna watu wanauza za kuchovya kwa bei ya dhahabu kwa sababu tu mnunuzi kaona neno "OR", yaani dhahabu kwa Kifaransa, akaishia hapo.

Na usiidharau Dunhill kwa ajali ya Nanga. Unique yao ya miaka ya 20 ndiyo iliyofanya watu wawashe kwa mkono mmoja, na sampuli yake ya kwanza ilitengenezwa ndani ya kopo la haradali. Kopo la haradali! Ukipata Unique nzima mimi nitakuuliza bei kabla hujamaliza sentensi.

Utambi
Na mimi nitahadharishe kwenye upande wangu ili msiseme napendelea. Zippo za vita vya Vietnam zenye maneno ya askari, nyingi ni mwili orijino na maneno ya jana. Angalia ndani ya michoro: kama chuma kinang'aa kwenye mfereji wakati nje kumechakaa, kimechongwa juzi. Na chomoa kile cha ndani chenye utambi, kilingane umri na kasha. Mara nyingi kasha ni la 1967 na cha ndani kimetoka kiwandani juzijuzi.

Kijana_wa_Jioni
Sasa mnanitisha. Mimi wala sivuti. Kiberiti ni zawadi ya baba mkwe, anastaafu mwezi ujao.

Mtoza_Vumbi
Hii ungeianza nayo!! Baba mkwe anavuta?

Kijana_wa_Jioni
Aliacha.

Nanga_Kavu
Kwa hiyo unampelekea mzee aliyeacha sigara kiberiti. Mkeo anajua?

Bibi_Laka
Muacheni. Kuna ubani, kuna mishumaa. Mimi sijavuta maisha yangu na ninavyo vinne. Kwa mzee, Ligne 2 yenye laka nyeusi, isiyo na ufa. Laka ikibanduka pembeni hairudi, hiyo uikague kwa mwanga wa ubavuni kabla ya kitu kingine.

Saa_Sita
Swali nje ya mada: nikisafiri nacho kwa ndege inakuwaje?

Fundi_wa_Pembeni
Kimoja mwilini mwako kwa kawaida wanaruhusu, kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege chenye gesi hapana. Kwa posta kitume kikiwa kitupu kabisa.

Saa_Sita
Na chenye petroli?

Utambi
Anzisha uzi wako.

Kijana_wa_Jioni
Wakuu, ametuma picha ya kitako. Naona S.T. Dupont, naona "Made in", halafu kidole chake kimeziba. Namba haionekani, kapigia gizani.

Mtoza_Vumbi
Mwambie aondoe kidole.

Kijana_wa_Jioni
Nimemwambia. Kasema kuna mtu mwingine anakihitaji, nilipe nusu kwanza.

Nanga_Kavu
Huyo mtu mwingine mwache akichukue.

Bibi_Laka
Pengine ni mzee tu hajui kupiga picha. Mwanangu, nenda kwake na sumaku mfukoni, na lenzi, na shemeji umchukue.

Utambi
Shemeji akae mbele. Mimi bado nasema Zippo.