Tupeane uzoefu: mteja yuko kaunta, simu iko sikioni

Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu. Nina miaka 9 nyuma ya kaunta ya duka la nguo, na leo nimerudi nyumbani na kitu kimenikaa rohoni.

Amekuja mteja na magauni mawili, simu sikioni. Nikamsalimu, hakuitika. Nikamuuliza kama nimfungie pamoja au kila moja na mfuko wake. Akaniinulia kidole, ile ishara ya "subiri", huku macho yake yako dirishani. Nikasubiri. Nyuma yake watu watano, na kidole hakishuki. Mwishowe nikamwita aliyefuata, nikaanza kumpigia hesabu. Hapo ndipo mwenye simu aliposhtuka: "Kwani mimi hunioni?"

Nilikuwa namwona, tena tangu alipoingia mlangoni. Yeye ndiye aliyetoka na mfuko wake, na ukimuuliza aliyemhudumia alikuwa mwanamume au mwanamke, sidhani kama angejibu. Mtu aongee na simu yake, sina neno. Kinachouma ni kupewa hela na mkono ambao mwenyewe hayupo.

Nataka kusikia pande zote: wauzaji, wateja, wenye maduka. Uliwahi kufanyiwa? Uliwahi kufanya? Mnafanyaje ili mambo yaende bila kugombana?

Mfamasia

Pole sana, mkuu. Kwetu sisi wa duka la dawa jambo hili linavuka adabu.

Baba mmoja alikuja kuchukua dawa ya mtoto, ile inayotoka kiwandani ikiwa unga ndani ya chupa. Nikamweleza: chemsha maji, yaache yapoe, mimina mpaka kwenye alama, tikisa. Kila nikisema anaitikia "mm, mm". Nikaridhika. Kumbe zile "mm" alikuwa anampa mtu wa kwenye simu, mimi hazikunihusu hata moja. Siku ya pili akarudi analalamika kuwa dawa imekuwa nyepesi kama maji. Nikaiangalia chupa: alijaza mpaka shingoni. Ina maana kila kijiko alichompa mwanawe kilikuwa pungufu, na mtoto yuko na homa.

Sikulala vizuri usiku ule, kwa sababu chupa nilimkabidhi mimi. Tangu hapo, mtu akiwa kwenye simu naweka kiganja juu ya dawa yake na kungoja. Sisemi neno, wala sikunji uso. Akishusha simu namweleza, kisha namwomba anirudishie maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Wengine huona ni usumbufu. Sawa tu.

Mwalimu wa saikolojia

Hiyo "mm" ya mfamasia imenigusa, maana ndiyo ninayojaribu kuwaeleza wanafunzi wangu kila mwaka. Mtu wa namna hiyo mara nyingi hajakusudia kukudharau. Kweli hakusikii.

Kuna utafiti wa Ira Hyman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Western Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2010. Walimvalisha mtu mavazi ya kichekesho yenye rangi kali, wakampandisha kwenye baiskeli ya gurudumu moja azunguke uwanjani chuoni, kisha wakawauliza wapita njia kama wamemwona. Kati ya waliokuwa wakiongea na simu, robo tu ndio waliomwona. Waliotembea peke yao bila kifaa chochote, karibu nusu. Na waliotembea wawili wawili wakipiga soga ndio waliomwona kuliko wote! Kwa hiyo maongezi yenyewe hayampofushi mtu. Rafiki aliye kando yako anaona unachokiona, atanyamaza au atakugusa bega. Aliye upande wa pili wa simu hajui kwamba kuna mtu mbele yako amekunyooshea chenji.

Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba kusikia upande mmoja wa maongezi kunavuruga umakini kuliko kusikia pande zote mbili, kwa sababu akili inahangaika kukisia upande uliokosekana. Ndiyo maana foleni nzima huchoka na simu ya mtu mmoja, hata asipopaza sauti.

Mwenye duka

Mimi nina wafanyakazi wanne, na nikiri kwamba mwanzo nilikosea. Nilibandika bango kubwa: "SIMU MARUFUKU KAUNTA." Wiki ya kwanza tu tulipata ugomvi mara tatu, na mmoja wa wateja waliokasirika alikuwa anasubiri ujumbe wa malipo uingie. Simu hiyohiyo ndiyo pochi ya watu siku hizi, utaikatazaje?

Nikaling'oa, nikaweka dogo: "Ukimaliza kuzungumza, tuko tayari kukuhudumia." Na wafanyakazi nimewapa utaratibu: msalimu mara moja, mpe nafasi, asipoitika mhudumie anayefuata bila kuonyesha hasira. Akilalamika, mlete kwangu. Hapo pa mwisho ndipo penye uzito. Mwaka 2013 huko Uingereza keshia wa duka moja kubwa alimwambia mteja hamhudumii mpaka amalize simu, na kampuni ikamwomba mteja radhi. Watu wengi walisimama upande wa keshia, lakini waajiri wake ndio waliotakiwa kusimama naye kwanza. Mfanyakazi akijua bosi hatamgeuka, hata sauti yake kwa mteja inakuwa ya upole.

Mteja, asiyesikia vizuri

Naomba niseme jambo, na nasema kwa heshima.

Mimi masikio yangu ni mazito tangu utotoni. Simu yangu ina programu inayogeuza sauti kuwa maandishi, kwa hiyo ninapofika kaunta naishika mbele yangu na kuitazama. Kumbe ndivyo ninavyokusikiliza. Nimeshavutiwa mdomo, nimeshapigiwa vidole mbele ya uso, na mara moja muuzaji alimhudumia wa nyuma yangu huku mimi nasoma maneno yake mwenyewe kwenye kioo: "Huyu naye na simu yake."

Nilitoka bila kununua. Siku hizi naigeuza simu kwanza ili muuzaji aone maandishi yakitembea, ndipo nasalimu. Wengi uso unalainika palepale, na wengine huanza kuongea polepole bila hata kuombwa.

Mleta mada

Ndugu yangu, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Katika miaka hii 9 inawezekana kabisa nimemfanyia mtu kama wewe hivyo, na kwa huyo naomba radhi hapa. Kesho nitawasimulia wenzangu kazini. Anayeitazama simu na anayeongea nayo hatutawaweka tena kapu moja.

Mteja mwingine

Na wauzaji wanaotazama video, kichwa kimeinama, mpaka ukohoe ndipo wakuone? Tukiongelea adabu, iende kote kote. Ni hayo tu.

Mteja, mama wa watoto watatu

Mimi nilikuwa yule wa kidole. Nilikuwa naona naokoa muda.

Siku moja niko kaunta naongea, keshia akanisogezea chenji, nikaikusanya nikaondoka. Nimefika mlangoni nasikia mtu anakimbia nyuma yangu. Ni yule keshia, anahema, ameshika funguo zangu za nyumbani. Nikamtazama usoni, na nikagundua kwamba simjui kabisa. Dakika tano nimesimama mbele yake, na uso wake nauona kwa mara ya kwanza pale mlangoni! Alikuwa binti mdogo, pengine rika la mwanangu wa kwanza. Akasema, "Mama, umesahau," akarudi mbio kwenye foleni yake.

Sasa zamu yangu ikikaribia na simu ikaita, napokea na kusema neno moja: "Nahudumiwa, nitakupigia." Kama ni jambo lisilongoja, kwa mfano simu ya shule, natoka kwenye foleni na kumpisha wa nyuma, halafu naanza upya. Mwanzoni ndugu walinuna, waliona nawakatia simu. Mama yangu ndiye aliyenuna kuliko wote, na tulizungumza sana juu ya hilo.

Wiki iliyopita nilimpigia yeye mchana. Akapokea, nikasikia kelele za dukani, kisha sauti yake: "Nahudumiwa, mwanangu." Akakata.