Mkopo wa vijana wasio na ajira, lakini sharti uwe na biashara tayari

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, na naamini wengi wenu mtaielewa.

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinailazimu kila halmashauri nchini Tanzania kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kanuni zilizofuata mwaka 2019 hazikukitambua kikundi chenye biashara peke yake. Zilikitambua pia kikundi kinachokusudia kuianza. Kwa hiyo kijana aliyemaliza chuo akakosa kazi, asiye na duka wala shamba, yumo ndani ya sheria hii kwa haki kabisa.

Sasa nenda kwenye ofisi za halmashauri. Kikundi chetu kilitaka kufuga kuku wa mayai. Tulitunga katiba, tukasajiliwa, tukafungua akaunti benki, na andiko letu la mradi likapita ngazi ya kata bila tatizo. Tulipofika wilayani tukaambiwa kwamba wakaguzi watakuja kuona banda lenye kuku, na wasipoliona jina letu litaondolewa. Tungekuwa na fedha za kujenga banda na kununua vifaranga na chakula chao, tungekwenda kuomba mkopo wa nini? Tulipouliza hivyo, mtumishi mmoja alitushauri, mbele ya wenzake, tuazime banda la mfugaji yeyote tulionyeshe siku ya ukaguzi kisha tumrudishie. Tulikataa, na mpaka leo hatujapewa jibu lolote la maandishi.

Ushauri kama huo ndio unaozaa vikundi hewa. Mnakumbuka kwamba Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kusitishwa kwa mikopo hii, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi ambavyo havikuwepo. Vijana waaminifu waliokuwa kwenye foleni walisubiri zaidi ya mwaka kwa makosa ya watu wengine, wakiwemo watumishi waliozipitisha hati za vikundi hivyo. Inaniuma kuona mikopo ilianza kutolewa tena mwaka 2024 na mtu bado anafundishwa kudanganya kwenye dirisha lilelile.

Katika utaratibu mpya, halmashauri 10 zilichaguliwa kutoa mikopo kupitia benki kwa majaribio, zikiwemo za majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, na za wilaya kama Itilima na Nkasi. Sipingi benki kushika fedha hizi, kwa kuwa kumbukumbu zake za marejesho ni bora kuliko madaftari ya halmashauri. Ninachokipinga ni kumpima kijana asiye na ajira kwa mzunguko wa fedha katika akaunti yake, au kumdai dhamana ambayo hata baba yake hana. Fedha ni za umma na zimetengwa kwa ajili yake. Benki hapo ni wakala tu.

Tena, kwa kuwa fungu linatokana na mapato ya ndani, halmashauri yenye minada michache na isiyo na viwanda hubaki na kiasi kidogo mno, na huko ndiko ajira zilikoadimika zaidi.

Tunachodai si kikubwa. Kikundi kinachokataliwa kipewe barua inayotaja kanuni iliyotumika kukikataa, na orodha ya vikundi vilivyopewa, pamoja na kiasi cha kila kimoja, ibandikwe kwenye ofisi ya kata ambako majirani wanaweza kusema kama wanawafahamu wanachama wake au la.

Kama kuna halmashauri ambako kikundi kipya kilipewa mkopo kabla ya kuwa na mradi unaoendelea, naomba mwenye taarifa aitaje hapa, ili tuwe na mfano wa kumpelekea mkurugenzi wetu.