Uliwezaje kuishawishi timu iandike kodi safi ya programu? Tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu, hili jambo limenikaa rohoni. Naandika programu za kompyuta, timu yetu watu sita, na kodi (maandishi ya programu, sio ya serikali) imefika pabaya, ukigusa hapa inavunjika kule, testi (kodi ya kupima kama programu inafanya kazi sawa) hakuna, kuna fankisheni moja (kipande cha kodi cha kazi fulani) ina mistari 900 kila mtu anaiogopa. Nilipoingia nilikosea, niliorodhesha makosa yote nikayatupia kwenye grupu la kazi, kumbe sehemu kubwa aliandika kaka mmoja aliyeijenga sistimu peke yake enzi hizo hakuna mtu mwingine, aliumia sana na tangu siku hiyo kila nikisema kitu kinapingwa. Nyie mlifanyaje?

---

Pole mkuu. Kwanza kamwombe radhi huyo kaka, bila yeye hutoboi. Mimi kwa maneja niliacha kabisa kusema kodi chafu, kwake haina maana. Mwezi mzima kila bagi (kosa kwenye programu) tuliyorekebisha niliandika imetokea faili gani na imekula saa ngapi, mwisho wa mwezi faili mbili tu zilikuwa zimekula zaidi ya nusu ya muda wetu, maneja kuona hivyo akauliza mwenyewe mnahitaji siku ngapi. Tukaomba hizo mbili tu, na kabla ya kuzigusa tukaandika testi zinazoshika jinsi zinavyofanya kazi sasa hivi, hata pale zinapofanya maajabu, ndo tukaanza kuzikatakata.

---

Kwetu kilichosaidia ni kupunguza ukubwa wa mabadiliko ya kodi. Mtu akileta mistari 2,000 wenzake wanasema iko poa bila kusoma, akileta 100 wanasoma kweli. Na mambo ya mpangilio wa kodi, kama nafasi na mabano, iachieni programu iyapange yenyewe, msigombane bure.

---

Timu yangu ilikataa kufuta kodi ya zamani, eti iache, haili kitu. Nikawasimulia yaliyoikuta Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, 1 Agosti 2012. Walipandisha kodi mpya kwenye seva 7 kati ya 8, ile moja ikabaki na kodi ya kale iliyokuwa haitumiki tangu 2003, na swichi iliyokuwa inaiwasha ilikuwa imepewa kazi nyingine, basi walipoiwasha seva ile ikaanza kumimina oda kwenye soko la hisa, ndani ya kama dakika 45 dola zaidi ya milioni 440 zikawa zimepotea. Kikao kilikuwa kimya. Wiki hiyo hiyo tukaanza kufuta, na historia yote si ipo kwenye Git, inayotunza kila toleo la kodi, jamani, mnaogopa nini?

---

Mimi nilifeli. Niliomba wiki tatu tusimamishe kila kitu tuandike upya, tukapewa, ikawa miezi minne na wateja wanalia, baada ya hapo maneja hakutaka tena kusikia hiyo habari. Bora kidogo kidogo, kila ukifungua faili kurekebisha bagi unaongeza testi moja unasonga.

---

Asanteni sana wakuu, hii ya kuhesabu masaa naianza wiki hii. Na yule kaka kesho namfuata mwenyewe, nitamwomba radhi halafu nimwombe tukae wawili kwenye ile fankisheni ya mistari 900, maana yeye ndo anajua kila kitu kiliwekwa pale kwa nini. Nitaleta mrejesho.