Mafundi 14 wa kujitolea, Jumamosi tu: nyumba ya mjane tuipangeje?

fundi_mbalizi
Shikamooni wakubwa. Tuko waashi 10 na maseremala 4, tunajitolea kila Jumamosi kumjengea mama mjane kijijini, Mbeya vijijini. Vyumba viwili na sebule, mita 6 kwa 5, tofali za kuchoma, bati. Msingi wa mawe tayari, kanisa linanunua vifaa. Tunaanza kuta Mei mvua zikikatika. Baadhi yetu wanasema kwa wingi huu kuta zinaisha Jumamosi moja. Inawezekana? Na tuagize nini?

mwashi_wa_zamani
Marahaba. Msifanye hivyo. Ukuta mbichi wa inchi 9 usizidi mita 1.2 kwa siku, kama kozi (safu za tofali) 13. Ukizidisha, uzito unaikamua mota (udongo wa saruji na mchanga) ya chini na timazi, yaani wima wa ukuta, inapotea. Juni na Julai baridi ya kwetu inachelewesha saruji kushika, kwa hiyo hata hizo 13 ni nyingi.

Hesabu: kuta za nje na za ndani ni kama mita 30, kimo mita 2.7. Toa milango na madirisha, zinabaki mita za mraba 73 hivi. Kwa tofali la sentimita 23 kwa 11 kwa 7.5 ni tofali 90 kila mita ya mraba, yaani 6,600, agizeni 7,200. Pimeni tofali zenu kwanza, kila tanuru lina saizi yake. Mota ya saruji moja kwa mchanga sita itakula mifuko 25 ya saruji.

Chovya tofali kwenye pipa mpaka mapovu yaishe. Tofali kavu linanyonya maji ya mota, mota inabaki unga, na ukuta unaonekana mzima mpaka siku ya kutoboa tundu la waya.

Linta, mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, izunguke nyumba nzima, kuta za ndani pia. Tuko Bonde la Ufa, tetemeko linafungua pembe. Nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 6 kila sentimita 20, maungio yapishane sentimita 60. Kwa linta ya sentimita 23 kwa 20, zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 9 ya saruji.

Kinachoharibu kazi za Jumamosi ni siku sita zinazofuata. Mkimwaga linta, nani atamwagilia Jumapili mpaka Ijumaa? Mteueni jirani kwa jina, asubuhi na jioni, siku 7. Mirunda inayoshikilia linta juu ya milango na madirisha isitolewe kabla ya siku 14.

seremala_mafinga
Mbao za paini nunueni siku mnayoanza kuta, si siku ya kupaua. Zikija mbichi zitajikunja na kenchi zitavuta misumari. Zipangeni kivulini, vipande vya mbao katikati ya kila safu, zikae wiki sita. Wakati wa kumwaga linta zikeni waya nene kila mita moja, ndiyo itakayofunga mbao ya juu ya ukuta. Msumari wa bati upigwe kwenye mgongo, si bondeni.

fundi_mbalizi
Asanteni sana. Kwa hiyo waashi 10 wote wanafanya nini?

mwashi_wa_zamani
Wanne pembeni na timazi, wawili kati, wanne wachanganye mota na kuchovya tofali, wabadilishane mchana. Na kabla ya tofali la kwanza, mwombeni mwenyekiti wa kijiji awaonyeshe kama hati ya kimila ya kiwanja ina jina la huyo mama. Kama ni la marehemu mumewe, mirathi itangulie.